“Walikuwa Kabila Gani?” Jibu kwa Mwalimu wa Historia wa Kisumu

Mwalimu wa shule ya upili mjini Kisumu ameniandikia hivi: “Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu Hyrax Hill, Nakuru. Kiongozi wetu alipotuonyesha mashimo ya Wasirikwa, watu wa kale wa nyanda za juu, mwanafunzi mmoja aliuliza, ‘Walikuwa kabila gani?’ Kabla hajajibiwa, wenzake watatu walikuwa wamekwisha kutoa majibu matatu, kila mmoja akitaja kabila lake. Mimi mwenyewe nililelewa Vihiga nikisimuliwa na marehemu babu yangu kwamba sisi tulitoka Misri. Chuoni niliambiwa sivyo, na siku hizi naona mtandaoni watu wakidai kwamba hata piramidi ni zetu. Je, historia ya kale hubadilika kwa sababu ushahidi mpya umepatikana, au kwa sababu taifa na kabila linahitaji hadithi mpya? Na mtoto huyu nimwambie nini?”

Mwalimu, swali la mwanafunzi wako nimelisikia pale pale mlimani mara nyingi kuliko swali jingine lolote, tena kutoka kwa watu wazima, na kila ninapolisikia huwa natulia kidogo kabla ya kujibu. Sababu zote mbili ulizozitaja zipo, ila hazifanyi kazi kwa njia moja. Ushahidi mpya hutulazimisha kubadili majibu tuliyokuwa nayo. Utaifa hubadili swali lenyewe, na hulibadili taratibu kiasi kwamba anayeuliza huamini kuwa swali lake limekuwapo tangu zamani. Ni nadra serikali au kabila kughushi jiwe au chungu. Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba jiwe lile lile huulizwa jambo ambalo kizazi kilichotangulia hakikuona haja ya kuliuliza, na “walikuwa kabila gani” ni swali la aina hiyo.

Turudi kwenye mashimo mliyoyaona. Ukisimama ukingoni mwa shimo mojawapo unaona mviringo uliozama kwenye mteremko, upana wake kama mita 10 au zaidi, lango lake limeelekea upande wa chini, na kando ya lango pana kichuguu cha udongo kilichoota majani. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill mwaka 1937 na 1938, aliyachukulia mashimo hayo kuwa sakafu za nyumba, yaani mahali watu walipolala na kupika. Miaka michache kabla yake, mwaka 1933, G. W. B. Huntingford alikuwa amechapisha makala iliyoyakusanya pamoja mashimo kama hayo, kuta za mawe, mifereji na njia za kale za Kenya, akayapa yote jina moja, ustaarabu wa Azania. Kwa maoni yake, hiyo ilikuwa kazi ya watu wa Kihamiti waliotoka kaskazini, kisha wakatoweka.

Hao Wahamiti walikuwa wamekwisha kutengenezwa vitabuni. Mwaka 1863 John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa uzao wa wavamizi kutoka Ethiopia, kwa kuwa hakuweza kukubali kwamba falme zenye mpangilio kama huo zingeanzishwa na wenyeji weusi. Mwaka 1930 C. G. Seligman alikwenda mbali zaidi akafundisha kwamba ustaarabu wote wa Afrika ulioonekana kuwa na thamani uliletwa na wafugaji wa Kihamiti, aliowahesabu kuwa tawi la watu weupe. Fundisho hilo halikubaki maktabani. Nchini Rwanda lilifundishwa shuleni hadi Watutsi wakaaminiwa kuwa wageni waliotoka Ethiopia, na mwaka 1992 mwanasiasa mmoja alisimama hadharani akasema warudishwe kwao kwa njia ya mto Nyabarongo. Miaka miwili baadaye maiti zilielea katika mto huo.

Sisemi Huntingford alitumwa na mtu yeyote. Aliishi miaka mingi miongoni mwa Wanandi, na maandishi yake kuhusu lugha na desturi zao bado yanasomwa. Lakini aliandika katika nchi ambayo nyanda zake za juu zilikuwa zimetengewa walowezi, na wazo kwamba wajenzi wa kale walikwisha kutoweka, na kwamba Waafrika waliokutwa pale nao walikuwa wapita njia tu, lilikaa vizuri sana katika nchi ya namna hiyo. Hakuna aliyehitaji kushurutishwa ili aliamini.

Kilichobadilisha mambo ni kile kichuguu cha kando ya lango. John Sutton, aliyeyachunguza mashimo ya nyanda za juu za magharibi kuanzia miaka ya 1960, alionyesha kwamba ni mavi ya ng’ombe na matope, yaliyozolewa kutoka ndani na kumwagwa nje siku baada ya siku. Shimo lilikuwa zizi, na watu walilala katika nyumba zilizopakana nalo. Nafikiri mama yeyote wa Kuresoi au Olenguruone aliyewahi kuzoa zizi wakati wa masika angekitambua kichuguu hicho mara moja, lakini hakuna aliyemwuliza. Mazizi hayo yalitumika kati ya karne ya 13 na karne ya 18 hivi, na Sutton aliwahesabu wenye mazizi hayo kuwa miongoni mwa mababu wa wazungumzaji wa Kikalenjin wa leo.

Huo ulikuwa ushahidi mpya wa kweli, na ninausimamia. Hata hivyo tazama safari yake kutoka kitabuni hadi barazani. Mtaalamu aliandika kwamba baadhi ya mababu wa Wakalenjin wa leo walikuwa miongoni mwa waliotumia mazizi yale. Katika mazungumzo ya kila siku kauli hiyo ilifupishwa ikawa “Wasirikwa walikuwa Wakalenjin.” Katika msimu wa kampeni ikawa “hapa ni kwetu, wengine ni wageni.” Watu wa Nakuru hawahitaji kuelezwa maneno “wageni” na “madoadoa” (waliohesabiwa kuwa si wenyeji) yalizaa nini katika ghasia za kikabila za mwaka 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Kwa hiyo ninapomsikia mtoto akiuliza ni kabila gani, nasikia swali la kitoto lisilo na hatia, na nyuma yake nasikia jambo ambalo mtoto huyo bado halijui.

Kuna pia tatizo la jina. Wakalenjin walianza kujiita hivyo katika miaka ya 1940, kutokana na vijana wa shule na matangazo ya redio ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na neno lenyewe maana yake ni “nawaambia.” Kabla ya hapo mtu alikuwa Mnandi, Mkipsigis, Mtugen, Mkeiyo au Mmarakwet. Wewe wa Vihiga unajua habari kama hiyo kwenu: serikali ya kikoloni iliwaita Wabantu wa Kavirondo, na jina la Abaluyia lilishika katika miaka ya 1930 na 1940, vyama na wasomi walipotaka kuwaunganisha Wamaragoli, Wabukusu, Wanyore, Watiriki na wengineo. Majina haya si ya uongo, wala mtu asikwambie kwamba umoja uliozaliwa juzi si umoja. Ila kulichukua jina lenye umri wa miaka 80 au 90 na kumtafutia nafasi ndani yake mtu aliyezoa zizi miaka 700 iliyopita ni sawa na kumwuliza alijiandikisha kupiga kura kaunti gani.

Ili usidhani jambo hili ni letu peke yetu, nitakupa mfano ninaoupenda kuliko yote. Huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwepo mwanaakiolojia aitwaye Gustaf Kossinna, aliyefundisha kanuni inayoonekana rahisi: eneo lenye vyombo vya kale vya aina moja ni eneo la taifa moja, na taifa hilo linaweza kufuatwa nyuma hadi maelfu ya miaka. Mwaka 1919, mipaka ya Ulaya ilipokuwa ikijadiliwa baada ya vita, aliitumia kanuni hiyo kudai kwamba ardhi ya bonde la mto Vistula ilikuwa ya Wajerumani tangu kale. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwapo Mpolandi, Józef Kostrzewski. Mwaka 1933 mwalimu mmoja wa shule, mtu wa kazi kama yako, aliona nguzo za mbao zikichomoza katika maji ya ziwa pale Biskupin, na mwaka uliofuata Kostrzewski alianza kuchimba. Alikuta kijiji kizima kilichozungushiwa ukuta wa mbao, barabara zake zimetandazwa magogo, nyumba zimepangwa safu kwa safu, na mbao zimehifadhiwa na tope kana kwamba zilikatwa mwaka juzi. Kwa kanuni ile ile ya mwalimu wake alitangaza kwamba waliokijenga walikuwa mababu wa Waslavi, na Wapolandi wakamiminika kwenda kukitazama.

Mwaka 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia Poland. Biskupin ikapewa jina jipya la Kijerumani, Urstätt, na watafiti waliokuwa chini ya SS, kikosi cha chama cha Nazi, wakachimba pale pale ili kuonyesha kwamba palikuwa mahali pa Wajerumani wa kale. Baada ya 1945 eneo likarudi mikononi mwa Wapolandi na kijiji kikawa cha Waslavi tena, wakati mpaka wa Poland ulipokuwa ukisogezwa magharibi. Katika muda huo wote mbao hazikubadilika hata moja. Baadaye, kwa kuhesabu pete za ndani ya magogo, ilijulikana kwamba miti mingi ilikatwa majira ya baridi ya mwaka 738 kuingia 737 K.K., na wataalamu wa sasa hawakubali kumpa yeyote kati ya wale wawili ushindi, kwa sababu lugha ya waliokaa pale haisomeki katika mbao wala katika vyungu.

Chungu chetu kipo pia, tena karibu na kwako. Mwaka 1948 Mary Leakey, mumewe Louis na Arkidikoni W. E. Owen wa kanisa la Anglikana walichapisha maelezo ya vyungu vya kale vya eneo la Urewe, Siaya, vilivyobonyezwa kidogo kwenye kitako kana kwamba mfinyanzi aliacha alama ya kidole gumba. Vyungu hivyo huhusishwa na wakulima wa mwanzo waliofua chuma kandokando ya ziwa, na kwa kuwa wengi wa wakulima hao wanafikiriwa kuwa walizungumza lugha za Kibantu, wanafunzi wetu hukariri kwamba Urewe ni Wabantu. Halafu wanatazama ramani na kuona Siaya ni ya Wajaluo, na ugomvi huanzia hapo. Kule Gogo Falls, kwenye mto Kuja huko Migori, wachimbaji walikuta tabaka juu ya tabaka: chini vigae vya Kansyore vya wavuvi na wawindaji, kisha vyombo vya wafugaji wa aina inayoitwa ya Elmenteita, kisha Urewe. Ukiuliza “ni ya nani,” udongo wenyewe unakurudishia majibu matatu kabla hata hujafika kwa Wajaluo. Nao Wasuba wa Rusinga na Mfangano wanatuonyesha jinsi jambo hili linavyotendeka katika maisha ya watu halisi. Babu alizungumza Kisuba, mjukuu anazungumza Dholuo, na hakuna aliyehama wala kufukuzwa. Mwanaakiolojia wa mwaka 3000 akichimba Mfangano, mifupa ya hao wawili haitampa dokezo lolote la kilichotokea kati yao.

Sasa lazima niseme kwa haki kuhusu utaifa wetu wenyewe, kwa sababu mimi ni mtoto wake. Mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru wetu, profesa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema kwamba historia iliyopo Afrika ni ya Wazungu waliokuja Afrika, na mengine yote ni giza. Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa mawe kusini mwa Afrika, ilikuwa imevumilia dharau hiyo kwa karibu karne nzima. Mpelelezi Mjerumani Karl Mauch, alipofika huko mwaka 1871, alikata kibanzi cha ubao, akakifananisha na mbao za penseli yake, akahitimisha kwamba ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba aliyejenga ni Malkia wa Sheba. Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walithibitisha kwa kuchimba kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, lakini serikali ya walowezi wa Rhodesia haikutaka kulisikia hilo, na mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Garlake aliondoka nchini humo kwa sababu ya msimamo wake. Watu waliochukua jina la magofu yale kuwa jina la taifa mwaka 1980, na kumweka ndege wa jiwe kwenye bendera, walikuwa wanarudisha kilichoporwa. Ingawa hata hapo koo zinazoishi jirani na magofu, zilizopatunza kama mahali patakatifu, zilijikuta zikingoja nje ya uzio mpya kama zilivyongoja nje ya ule wa zamani.

Hapa kwetu wanahistoria Bethwell Ogot na Gideon Were walikwenda kwa wazee na kuketi nao, kisha mwaka 1967 Ogot akatoa kitabu chake cha historia ya Wajaluo wa kusini na Were chake cha Waluhya. Bila kazi hiyo mimi na wewe tusingekuwa na somo la kufundisha. Ogot mwenyewe alionyesha wazi jinsi koo za asili mbalimbali zilivyomezwa na kuwa Wajaluo. Lakini taifa changa lilitaka kila jamii iwe na sura yake katika kitabu, na hapo ndipo ilipotokea ile ramani unayoichora ubaoni kila mwaka, yenye mishale. Mshale wa Wajaluo unashuka kutoka Bahr el Ghazal, wa Wabantu unaingia kutoka magharibi, wa Wakushi kutoka kaskazini, na kila mmoja unatua mahali peupe pasipo na mtu, ukiwa umebeba jina la kabila la leo kama gari la uchukuzi lililobandikwa ubao wa safari. Ramani hiyo imewafunza Wakenya wengi zaidi ya kitabu chochote kwamba kabila ni kitu kilichokuja kimekamilika, kikiwa na mpaka wake na tarehe yake ya kufika. Mimi naiona ndiyo urithi mzito kuliko Azania ya Huntingford, kwa kuwa ile tuliikataa na hii tunaitungia mitihani.

Nije kwa babu yako. Hakukudanganya. Were alikuta koo nyingi za Waluhya zikitaja Misri, na kwa Wakalenjin habari hiyo husikika pia. Lakini lisikilize neno lenyewe. Wamisri wa kale waliiita nchi yao Kemet. “Misri” ni jina walilopewa na majirani zao wa lugha za Kisemiti, likakaa katika Kiarabu, likaingia Kiswahili, na kwa njia ya Kiswahili likaingia katika Biblia za misheni zetu. Watu waliotoka bonde la chini la Nile maelfu ya miaka iliyopita wasingefika Vihiga wakilitaja kwa jina hilo. Lugha nazo zinaelekeza kwingine: Kiluhya ni ndugu wa lugha za Kibantu za mashariki mwa Uganda, na Kikalenjin ni cha Waniloti wa kusini, ambao mizizi yao inaelekea mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia.

Kwa nini Misri, basi? Wamisionari wa kanisa la Friends (Quaker) walifika Kaimosi mwaka 1902, na katika kizazi kimoja wazee wa Vihiga walikuwa wakisomewa habari za watu waliotoka Misri wakapitia taabu hadi wakapata nchi. Wakati huo mkoloni alikuwa akiwaambia kwamba hawana historia. Kusema “nasi tulitoka Misri” kulikuwa ni kudai kiti ndani ya kitabu ambacho mkoloni mwenyewe alikiheshimu kuliko vyote. Kwa hiyo mimi huyasoma masimulizi hayo kama ushahidi wenye thamani kubwa sana, ushahidi wa miaka ya 1920 na 1930. Kuhusu piramidi, msomi wa Senegal Cheikh Anta Diop alifanya jambo kubwa alipoandika mwaka 1954 kwamba Misri ya kale irudishwe katika historia ya Afrika, maana ilikuwa imekatwa kwa kisu cha wale wale waliotunga Wahamiti. Ila kutoka “Misri ni ya Afrika” hadi “ukoo wetu ulijenga piramidi” pana korongo ambalo Diop hawezi kumvusha mtu.

Utaulizwa pia juu ya vinasaba, kwa kuwa vijana wanaamini kipimo kitamaliza ubishi. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa mabaki ya watu 41 wa kale, wengi wao kutoka mapango na makaburi ya Kenya. Wafugaji wa mwanzo wa Bonde la Ufa walionekana kuwa mchanganyiko wa watu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, watu wa upande wa Sudan na wawindaji wenyeji, na mchanganyiko huo ulifanyika kwa hatua kadhaa. Katika shamba la Deloraine, karibu na Rongai, alikuwapo mtu wa miaka zaidi ya 1,000 iliyopita aliye karibu kinasaba na wazungumzaji wa Kibantu wa leo. Unaweza kukisia mtu mwenye nia mbaya angefanya nini na habari hiyo Nakuru, na mwingine naye angejibu kwa mifupa ya wafugaji iliyotangulia. Wote wawili wangekuwa wanafanya kazi ya Kossinna.

Mwanafunzi wako mwambie kwamba waliotumia mashimo yale walikuwa wafugaji wa ng’ombe, walilinda mifugo yao usiku kwa kuichimbia zizi chini ya ardhi, na baadhi ya wajukuu wao wamo leo miongoni mwa Wakalenjin, na huenda hata katika familia zisizojiita hivyo. Kisha mpe kazi: achore ramani ile ya mishale, afute majina ya makabila, na mahali pake aandike walikula nini, walifinyanga vyungu gani na waliwakuta akina nani mahali walipofika. Nawe ukienda nyumbani Vihiga, ikiwa bado wapo wazee wa rika la babu yako, yaandike masimulizi yao ya Misri neno kwa neno bila kuyasahihisha, na pembeni uandike mwaka waliosimuliwa kwa mara ya kwanza, nani aliyewasimulia, na iwapo ilikuwa uani kando ya moto au katika benchi la kanisa.